Kumtoa mbwa nje ya geti: mwongozo kwa anayeanza, hapa Dodoma

Siku ya kwanza kumtoa Jabali nje ya geti alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na mimi nilikuwa nimejizungushia mnyororo wake mkononi mara tatu ili asinitoroke. Tulifika kwenye kona tu. Bodaboda ikapita, akairukia, mnyororo ukakaza, nikaburuzwa kwenye changarawe mpaka goti likachanika. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maandazi kichwani akakimbia, ndoo ikaanguka. Maandazi nilimlipa na radhi nilimwomba, lakini ile hofu niliyoiona usoni mwake sikuwa na cha kuilipia. Kwa miezi mingi baadaye alikuwa akiniona anahamia upande wa pili wa barabara, hata nikiwa peke yangu bila mbwa.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi. Wengi tuliojenga Ilazo, Iyumbu, Nzuguni na viwanja vingine vipya vya mji huu tulichukua mbwa kwa ajili ya ulinzi kabla hata ukuta haujapigwa plasta. Mbwa akajengewa banda, mchana anafungiwa, saa nne usiku anafunguliwa. Anafikisha mwaka hajawahi kupishana na mtoto anayekimbia, kundi la mbuzi, wala mtu mwenye mwavuli. Siku anayotolewa anataka kumrukia kila apitaye, na sisi tunasema ni mkali. Mara nyingi si ukali. Ni mbwa aliyeogopa, aliyefungwa kamba, asiye na pa kukimbilia.

Jambo ambalo nimelishika baada ya miaka minne na Jabali ni umbali. Kila kitu kinachomtia mbwa wazimu barabarani kina umbali ambao akikiona kwa mbali hivyo bado ana akili zake. Kazi yako ni kuujua umbali huo, kuulinda, na kuupunguza kidogo kidogo. Hatua zote zinazofuata zinahudumia hilo.

Kwanza chanjo, ndipo kamba

Usimtoe mbwa asiyechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha unafuata tarehe atakazokuandikia daktari wa mifugo kwenye kadi. Ipige picha kadi hiyo iwe kwenye simu. Siku ikitokea kesi barabarani, mtu wa kwanza kukuuliza atauliza kama mbwa amechanjwa, na jibu la mdomo halimtulizi mtu ambaye mwanawe anatoka damu.

Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, na ya magonjwa mengine ya mbwa, dawa ya minyoo, na dawa ya kupe. Kupe wa huku hawana huruma, hasa mvua zikishaanza Desemba na majani yakaota pembeni mwa njia.

Wenye mbwa wachanga wana swali gumu hapa. Mbwa hujifunza dunia kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na nne ya maisha yake. Anachokiona kwa amani kipindi hicho mara nyingi hakitamtisha ukubwani. Lakini ndicho kipindi ambacho chanjo zake hazijakamilika, na virusi vya parvo hukaa kwenye udongo muda mrefu. Suluhisho ni kumbeba. Mweke kwenye kapu au mpakate, kaa naye nje ya geti kwenye kiti, aangalie bajaji, wanafunzi wakitoka shule, mama anayeuza mchicha. Asikanyage chini na asinuse kinyesi cha mbwa wengine. Dakika kumi kila siku zinatosha. Kama mimi ningefanya hivyo kwa wiki sita tu, ningejiokolea miaka miwili ya kazi.

Vifaa

Mnyororo uache nyumbani. Ni mzito, unaumiza mkono, unapiga kelele, na mbwa akiuvuta hauna hata chembe ya ulegevu. Tafuta kola bapa ya kitambaa au ngozi na kamba bapa ya mita mbili. Ukikosa dukani, nenda kwa fundi viatu au fundi wa mabegi sokoni, Majengo au Sabasaba, mpe vipimo. Ule utepe mgumu wa mkanda wa begi ukishonwa mara mbili, na kile kindoano cha chuma cha mabegi makubwa, unakaa miaka. Hakikisha kindoano ni cha chuma kizito, kwa sababu vile vyepesi vinavunjika siku ile unayovihitaji. Kamba ya katani na waya ni hatari, vinakata ngozi ya mbwa na ya kwako.

Kola ikae shingoni kwa namna ambayo vidole viwili vinapita chini yake, visizidi. Ikilegea zaidi, mbwa anayerudi nyuma kwa hofu anachomoa kichwa na kukuachia kola mkononi. Kama wako ana shingo nene kuliko kichwa, mshonee mkanda wa kifuani unaopita nyuma ya miguu ya mbele.

Namna ya kushika: pitisha dole gumba kwenye kitanzi cha kamba, kunja kiganja, kisha mkono wa pili ushike kamba katikati. Usijizungushie mkononi wala kiunoni. Nimeshaeleza kilichonipata.

Kwa mbwa ambaye amewahi kuuma au anayejaribu kuuma, kuna kifunga mdomo. Tafuta cha aina ya kikapu, chenye nafasi ya mbwa kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo kumfunga mdomo kwa kamba kwenye jua la Dodoma ni kumnyonga. Mzoeshe ndani kwa wiki nzima kabla ya kutoka: weka dagaa ndani ya kikapu, atie pua mwenyewe, ale, atoe. Siku ya tatu au ya nne ndipo ufunge mkanda kwa sekunde chache.

Na mfukoni, dagaa wakavu. Nimejaribu vitu vingi, hakuna kinachoshinda dagaa: ni bei rahisi, harufu yake inafika mbali, mmoja anamezwa kwa sekunde moja. Wakate vipande wakiwa wakubwa. Vipande vya utumbo uliochemshwa vifanye viwe vya siku ngumu.

Wiki mbili ndani ya uzio

Hapa wengi wanaruka, nami niliruka. Mbwa asiyekusikia uani kwako, mahali penye kimya, hawezi kukusikia barabarani penye honi.

Anza na jina. Liite mara moja kwa sauti ya kawaida. Akikugeukia, mpe dagaa. Akikaa bila kugeuka, usilirudie mara kumi, kwa sababu utamfundisha kwamba jina lake ni kelele tu. Sogea karibu, jaribu tena. Fanya hivyo mara kumi na tano kwa siku, ukigawanya asubuhi na jioni. Baada ya siku nne au tano jina litakuwa na uzito.

Kisha kamba. Tembea naye uani. Kamba ikilegea, tembea na umpe dagaa mmoja mmoja pembeni ya goti lako. Kamba ikikaza, simama. Usimvute, usimkemee, simama kama nguzo ya umeme. Atashangaa, atageuka kukuangalia, kamba italegea, na hapo ndipo mnaendelea. Siku ya kwanza utatembea hatua tano kwa dakika kumi na utataka kukata tamaa. Vumilia, kwa sababu anachojifunza ni kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Ongeza mgeuko. Ukiwa unatembea, sema neno moja, mimi nasema "twende huku", geuka kabisa kuelekea ulikotoka, na akikufuata mpe dagaa watatu kwa mpigo. Rudia mpaka mwili wake ugeuke kabla hajafikiria. Mgeuko huo ndio utakaokuokoa kwenye kona zote za Dodoma.

Mwisho, geti. Geti lisifunguke mbwa akiwa anarukaruka. Shika komeo, akiruka, achia. Akitulia, fungua kidogo, akichomoka, funga. Unatoka wewe kwanza, unaangalia kulia na kushoto, ndipo unamwita. Ukitoka na mbwa aliyekwisha kupandwa na mori getini, matembezi yote yatakuwa hivyo.

Kuhusu kipigo: watu watakushauri umchape anapobweka. Mbwa anayechapwa kila anapomwona mtoto anajifunza kwamba watoto huleta maumivu. Anaweza kuacha kubweka kwa kuogopa fimbo, na hapo anakuwa hatari zaidi, kwa sababu siku moja atauma bila onyo. Halafu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mbwa ni mnyama.

Saa na njia

Toka alfajiri. Saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi barabara za mitaani zina watu wachache, ardhi ina ubaridi, na vijiwe vya bodaboda havijajaa. Juni na Julai utahitaji sweta na mbwa atafurahi kuliko wewe. Oktoba na Novemba, ikishafika saa tatu, rudini ndani. Kabla ya kukanyaga lami, weka nyuma ya kiganja chako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia wewe, nyayo zake zitaungua.

Beba maji. Ukiona ulimi umetoka mrefu na umekuwa mwekundu sana, mate yamekuwa mazito, anayumba, hilo ni joto limemzidi. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpe anywe kidogo kidogo, na mpigie daktari.

Njia nzuri ya kuanzia ni ile unayoona mbali mbele na yenye mahali pa kuchepukia. Kichochoro chembamba kati ya kuta mbili ni kibaya, hata kama ndicho cha karibu, kwa sababu mkikutana na mtu hakuna umbali wa kuchukua. Makorongo yetu ya mchanga wakati wa kiangazi ni mazuri sana: mapana, laini kwa nyayo, unaona mtu akija kwa mita mia. Angalia tu chupa zilizovunjika na mahali panapotupwa taka, ambapo mbwa wazururaji hukusanyika. Masika usiingie korongoni, maji huja ghafla kutoka mvua iliyonyesha mbali. Masokoni na stendi usimpeleke kabisa. Hata mbwa mtulivu hana anachokifuata pale, na wenye meza za samaki na nyama wana haki ya kukasirika.

Jike akiwa kwenye joto la kutaka dume, jambo ambalo huja takriban mara mbili kwa mwaka na kukaa kama wiki tatu, abaki ndani. Madume ya mtaa mzima yatawafuata na hutaweza kuyazuia.

Kipimo cha dagaa

Sasa mko nje, na mbele kuna mtu anakuja. Utajuaje kama umbali unatosha?

Mpe dagaa. Akimchukua taratibu na kumtafuna, akili yake bado iko nawe. Akimnyakua kwa nguvu mpaka meno yagonge vidole vyako, yuko mpakani, punguza mwendo na chepuka kidogo. Akimwacha dagaa adondoke, haoni wala hasikii, umeshakaribia mno. Hapo usimwambie kaa, usimwambie tulia. Sema "twende huku", geuka, nenda mpaka mahali atakapoweza kula tena, kisha simama, mwache aangalie kutoka huko.

Kabla ya kufika hapo mwili wake unakuwa umeshasema. Wengi tunasubiri kubweka, na kubweka huja mwisho. Kwanza anafunga mdomo aliokuwa akihema nao. Masikio yanasimama, mkia unapanda na kukakamaa, au unaingia chini ya tumbo. Analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anaonyesha weupe wa jicho. Nywele za mgongoni zinanyanyuka. Mkia unaotikisika nao si lazima uwe furaha. Uangalie kama mwili wote umelegea pamoja nao au umekaza. Jabali hunyanyua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Nikiona mguu huo, nina kama sekunde mbili.

Andika mahali, hata kwenye simu: bodaboda mita 10, watoto mita 25, mbuzi mita 40. Hizo zilikuwa namba zetu za mwanzo. Kila baada ya siku tatu nne za utulivu, punguza mita mbili. Ikiharibika, rudisha tano, wala usione aibu.

Mtakaokutana nao

*Bodaboda na bajaji.* Anza na zilizosimama. Kaa na mbwa wako ng'ambo ya kijiwe, mbali kiasi cha yeye kula dagaa, dakika tano, kisha ondokeni. Waombe madereva wasimwite wala kumpigia honi kwa mzaha; ukiwasalimia vizuri na kuwaeleza unamfundisha, wengi watakusaidia, na ndio watakaokuambia siku mbwa wako akitoroka amekimbilia wapi. Baadaye sogea karibu, kisha zile zinazoondoka taratibu, kisha zinazopita. Kila inapopita, dagaa. Baada ya wiki kadhaa mbwa akisikia injini atageuka kukuangalia wewe. Ukiona hivyo, jua kazi imeingia.

*Watoto.* Watapiga kelele "Mbwa! Mbwa!" na kukimbia, na kukimbia huko ndiko kunakomwamsha mbwa. Wengine wataokota mawe. Usigombane nao, maana wengi wameumwa au wameona mwenzao akiumwa. Duniani, watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa. Hofu yao ina sababu. Ukiwaona kwa mbali, chepuka mapema, jiweke kati yao na mbwa, kisha waambie kwa sauti ya upole: "Wanangu, msikimbie, simameni kama miti, mikono chini, sisi tunapita." Watoto wa mtaani kwetu sasa wananikumbusha wao: "Tumeshakuwa miti!" Mtoto akiomba kumgusa, na mzazi wake yupo na amekubali, na mbwa wako ana utulivu wa kweli, amguse begani na si kichwani, na mbwa aachiwe nafasi ya kuondoka. Ukiwa na shaka hata kidogo, kataa.

*Watu wazima.* Njia ni yao. Sema hivyo moyoni kila unapotoka: huyu anayekuja hakuchagua kukutana na mbwa wangu. Usimwambie mtu "haumi huyu, pita tu." Hakujui wewe wala mbwa wako. Fupisha kamba, toka nje ya njia, mbwa awe upande wa mbali na mtu, salimia kwanza wewe. "Shikamoo bibi, pita tu, nimemshika." Wazee wa Kigogo ukiwaamkia "mbukwenyi" nyuso zinafunguka, na mtu aliyetulia ni rahisi kwa mbwa kumpita kuliko mtu aliyekakamaa.

Majirani zetu Waislamu wana jambo zaidi ya hofu. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi huku kwetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na nguo iliyoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu aliyekwisha kutawadha anaelekea msikitini, mbwa wako akimlamba kanzu, umemharibia swala. Kwa hiyo jua saa za swala na njia ziendazo msikitini mtaani kwako, na Ijumaa mchana usiwe kwenye njia hizo kabisa. Hili halihitaji mjadala wa nani yuko sahihi. Mpishe mapema, akuone unampisha.

*Mbuzi, kondoo na ng'ombe.* Huu ni mkoa wa wafugaji, mifugo inapita hata katikati ya viwanja vilivyopimwa. Mbwa anayefukuza mbuzi anaweza kumuua, na mchungaji ana fimbo na ana haki ya kulinda mali yake. Kamwe usimfungue mbwa mahali ambapo mbuzi wanaweza kutokea, na Dodoma hapo ni karibu kila mahali.

Aliyenifundisha hapa ni mzee mmoja aliyekuwa anachunga nyuma ya mtaa wetu. Jabali alikuwa amesimama kwa miguu miwili akijinyonga kwenye kola, nami navuta kwa nguvu zangu zote.

"Shikamoo mzee, samahani sana."

"Marahaba. Usimvute, mwanangu. Ukimvuta anadhani mnavutana kwa ajili ya mbuzi. Mgeuze uso."

Nikajaribu kumgeuza, hakugeuka. Mzee akaangalia, akasema, "Basi rudi naye kule penye mgunga. Hapa mbuzi wamemjaa machoni." Tulirudi mpaka kwenye mti ule, kama mita 40, na pale Jabali alikula dagaa wa kwanza. Mzee aliswaga mbuzi wake taratibu wapite mbele yetu. Sikuwa hata nimemwomba. Tangu hapo nilijua ratiba yake, nikawa nakwenda kukaa chini ya mgunga ule asubuhi mbili kwa wiki, mbuzi wapite, tule dagaa, turudi nyumbani.

Wachungaji nao wana mbwa wao, na hao wako kazini. Wakija kwako wakibweka, simama, usikimbie, subiri mwenyewe awaite, kisha ondokeni kwa njia mliyotokea nyinyi.

*Mbwa wazururaji.* Kwa wengi hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Mkitokewa na mmoja au wawili, usikimbie na usimbebe mbwa wako mkubwa mikononi. Jiweke mbele yake, kamba fupi lakini isikaze. Inama kama unayeokota jiwe. Mbwa wote wa mtaani wanaijua ishara hiyo na wengi wataondoka kabla mkono haujagusa chini. Huna haja ya kurusha. Ikishindikana, mwaga konzi ya dagaa kuelekea kwao na mwondoke wakati wanaokota. Wakishikana, usitie mkono karibu na vichwa. Maji ya chupa usoni, kelele ya sufuria, au kama mpo wawili kila mtu ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja na kuvuta kwa kurudi nyuma. Baada ya hapo mwonyeshe daktari hata tundu dogo la jino. Mbwa wa mtaani anayeyumba, anayetoa mate bila kukoma, anayeng'ata vitu hovyo, au aliyepoa isivyo kawaida na kumfuata kila mtu, kaa naye mbali na mpigie afisa mifugo wa kata.

Kinyesi

Okota. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini gazeti la zamani au mfuko wa karatasi wa unga vinatosha. Zika au tupa kwenye shimo la taka. Watoto wanacheza kwenye mchanga uleule, na minyoo ya mbwa huwapata.

Mbwa wako akimuuma mtu

Mfunge mbwa kwanza, au mpe mtu amshike. Jeraha lioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, usikadirie. Usiruhusu mtu apake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kisha hospitali, siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa na hata kama ni mchubuko mdogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini kuosha na chanjo ya mapema huzuia. Nenda na aliyeumwa wewe mwenyewe, onyesha kadi, lipa matibabu, na hudhuria naye tarehe zote za sindano.

Mbwa asiuawe kwa hasira za siku hiyo. Mtu akishapewa chanjo bila kusubiri, mbwa hufungwa na kuangaliwa siku 10, na afisa mifugo ajulishwe. Kama mate yake yalikuwa na virusi siku ya kuuma, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa. Akizimaliza akiwa mzima, aliyeumwa na familia yake waambiwe, tena uende ukawaambie ana kwa ana.

Mkirudi

Maji kwanza. Kisha mlaze ubavu, kagua nyayo moja baada ya nyingine, katikati ya vidole, maana mbigili huzama pale na mbwa hasemi, anaanza tu kuchechemea kesho yake. Kagua kupe masikioni na kwapani. Andika umbali wa leo.

Daftari letu la juzi linasema hivi: bodaboda, mita 1. Watoto, mita 3, tukiwa tumekaa. Mama wa maandazi alisimama mwenyewe tukasalimiana, mita 6, Jabali akiwa amelala chini. Mbuzi bado, mita 20, na upepo ukitokea kwao mita 30.